Kabla Hujafuta, Muulize Bibi

Faili la kwanza kuliua kwa mikono yangu lilikuwa na majina ya wagonjwa wa miezi mitatu. Sikukusudia. Niliiamuru kompyuta iyapange majina kwa alfabeti, kisha iyaweke ndani ya faili lilelile yalimotoka. Ikatii, maana kompyuta haina kiburi. Ikaanza kwa kulisafisha faili la kupokelea, halafu ikaenda kusoma majina ya kupanga, ikakuta hamna kitu. Basi ikapanga hamna kitu kwa ustadi kabisa, ikanirudishia hamna kitu, na kile kistari cha kwenye kioo kikabaki kinanikonyeza kana kwamba tumemaliza salama.

Naanza na aibu hiyo makusudi. Nyie vijana mnaoingia kazini sasa mkinikuta njiani hapa Chumbageni mnaniamkia kwa adabu kubwa hadi naona kama mnadhani nilizaliwa na kibodi mkononi. Thubutu! Nilizaliwa mjinga kama nyie, na ujinga wangu umedumu miaka mingi kuliko wenu. Nimefanya kazi ya kumbukumbu katika hospitali moja ya hapa Tanga, jina lake halina kazi humu, tangu nikiwa karani wa kupiga chapa mpaka siku nilipokabidhi funguo. Mmeniuliza ile kazi ya dirisha jeusi ilikuwaje. Haya, kaeni vizuri. Mpangilio sina, nitasema kama yanavyonijia.

Aliyenifundisha ni Mzee Akberali. Ukoo wao ulikuwa na duka la misumari na bawaba, na watoto wote waliingia dukani isipokuwa yeye, aliyependa kufungua vitu ajue vinafanyaje kazi. Ndiye aliyetunza kompyuta za hospitali. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa kitamu kuliko changu mimi mtoto wa mama wa Kibondei. Siku nilipoliua lile faili nilimwendea nikamweleza. Hakunifokea. Alitoa diski kwenye droo, akanirudishia majina yote isipokuwa ya siku mbili za mwisho, kisha akanikalisha.

"Hidaya, binti yangu," akasema, "ukichuja tui unalichujia humohumo kwenye machicha?"

"Hapana, Mzee."

"Unatafuta nini?"

"Bakuli jingine."

"Kumbe ulikuwa unajua. Ulifanya pupa tu."

Kuanzia siku hiyo kila faili nililoletewa nililiweka kwanza kwenye folda niliyoipa jina asili, nikalifunga lisiandikike. Humo haingii mtu kurekebisha hata herufi moja, hata kama jina limekosewa mbele ya macho yako. Kazi unaifanya kwenye nakala. Wenzangu ofisini walinicheka, wakaiita folda ile kaburi la shehe, kwa jinsi nilivyokataza watu kuisogelea. Nikawaacha wacheke. Mbele mtaona ilinifaa nini.

Sasa dirisha jeusi lenyewe. Ni mahali unapoiandikia kompyuta amri kwa maneno, bila picha wala vitufe vya rangi. Una faili la maandishi matupu, kila mstari mtu mmoja: jina, umri, kijiji, ugonjwa, simu, na kati ya kimoja na kingine nukta-mkato. Ukitaka watu wa Pangani peke yao, unaandika grep, neno Pangani, na jina la faili, na kabla hujapiga chafya umewapata. Ukitaka safu ya majina tu, unaikata kwa cut. Kupanga ni sort, kuondoa mistari inayojirudia ni uniq, kuhesabu ni wc. Nimeishi kwa amri tano hizo miaka yote. Tena kuna kile kistari cha kusimama, Mzee Akberali alikiita bomba: kinachotoka kwenye amri hii kinamiminikia amri ile, na ya tatu inapokea kwa ya pili, hadi mwisho unakinga unachotaka. Siku ya kwanza nilipounganisha amri tatu na jibu likatoka sawa, nilipiga kigelegele. Sista wa zamu alikuja mbio akidhani kuna mtu amejifungua masjala.

Lakini msidhani ni lelemama. Siku moja daktari alitaka kadi ya mgonjwa aitwaye Ali. Nikaandika ali, nikaiambia amri isijali herufi kubwa wala ndogo, maana makarani wetu waliandika kila mtu kwa mtindo wake. Wakaja akina Salimu, akina Khalidi, akina Halima, na Natalia mmoja binti wa mchungaji. Kila jina lenye hizo herufi tatu tumboni lilikuja. Nusu ya Tanga ilijaa kwenye kioo. Mzee Akberali akachungulia begani kwangu.

"Na mie nimo?"

Alikuwemo, na malaria yake ya miaka mitatu nyuma. Akanifundisha kuongeza herufi moja tu kwenye amri ili itafute neno zima, siyo kipande cha neno. Hiyo nayo iandikeni.

Halafu kuna nafasi tupu, ambayo ni shetani asiyeonekana. Niliwahi kumgombeza kwa simu mhudumu wa afya wa Ushongo, kwa nini kijiji chake kinanitokea mara mbili kwenye hesabu. Kumbe alikuwa akimaliza kuandika Ushongo mara anabonyeza nafasi, mara habonyezi. Kwa macho yangu kijiji kilikuwa kimoja, kwa kompyuta viwili. Nikampigia tena kumwomba radhi, naye akanijibu kwa upole, "Si neno, dada. Huku kwetu pana upande wa wavuvi na upande wa hoteli za wageni. Nilidhani kompyuta imeshajua."

Basi nikawa hodari wa kuona kimoja kinapojifanya viwili. Kuhusu viwili kujifanya kimoja Mzee Akberali alinionya mwenyewe, sikusikia. Yeye alipewa jina la babu yake, na babu naye alitibiwa palepale. Siku moja karani alichanganya kadi zao, Mzee akaandikwa ana kisukari.

"Kisukari cha marehemu babu," alisema. "Mke wangu kaninyima halua juma zima kwa ugonjwa wa maiti! Kompyuta haijui babu wala mjukuu, Hidaya. Inajua herufi tu."

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa mtandio. Nilikichukua kichekesho, funzo nikaliacha mezani.

Miaka ikapita, Mzee akastaafu, kiti chake nikakikalia mimi. Ndipo walipokuja madaktari wa macho kwa siku tano kuondoa mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni. Kabla ya kufika kwao, wahudumu wa afya walipita vijijini wakipima watu, kuanzia Tongoni hadi huko Ushongo, na kila mmoja akanitumia faili la kijiji chake. Kazi yangu ilikuwa kuyaunganisha na kutoa orodha moja. Dereva angeenda na orodha ile, ataje majina, na atakayetajwa ndiye atakayepanda gari. Asiyetajwa angengoja safari nyingine ya madaktari, na hakuna aliyejua itakuwa lini.

Sasa watu wetu mnawajua. Mtu akisikia kuna matibabu anajiandikisha kwa mhudumu, halafu kwa hofu ya kusahauliwa anajiandikisha tena zahanati. Kwa hiyo nilijua wa kujirudia watakuwepo. Dereva alihitaji jina na kijiji tu, basi nikakata jina na kijiji, nikapanga, nikaondoa waliojirudia. Nilihesabu mistari kabla na baada kama nilivyofundishwa. Kumi na tano imepungua. Nikasema, ndio haohao wa zahanati. Nikachapa, nikagonga mhuri, nikaenda kunywa chai nikiwa nimejipenda kweli.

Siku ya tatu ya madaktari, asubuhi, nikapigiwa simu na Mwanasha, mhudumu wa afya wa Tongoni.

"Dada Hidaya, gari lilikuja jana. Limemtaja Mwanakombo Athumani mara moja."

"Ndiyo, yumo. Nakumbuka nimemwona kwenye orodha."

"Yumo yupi?"

Mwanasha akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni wa kutoka bara. Pale Tongoni kuna bibi, Mwanakombo binti Athumani, msusi wa mikeka, ambaye ukungu umemziba macho yote mawili. Bibi huyo alipozaa mtoto wa kiume alimpa jina la baba yake, Athumani. Athumani akazaa binti, akampa jina la mama yake. Binti ana miaka saba, naye macho yake yana ukungu, na hospitali walishaambiwa asingojee zaidi kwa kuwa jicho la mtoto likikaa gizani mno linasahau kuona. Mwanakombo Athumani na Mwanakombo Athumani, nyumba moja, kijiji kimoja. Wote wawili walipimwa, wote wawili waliandikwa. Mimi nilikata umri, nikaiambia kompyuta iondoe waliojirudia, ikamwondoa mmoja.

"Dereva alipotaja jina," Mwanasha akasema, "bibi alimsukuma mjukuu mbele. Akasema, huyu ndiye. Mtoto akapanda na baba yake. Bibi karudi ndani. Nimemuuliza kwa nini asidai haki yake, kanambia jina ni moja, bora liende kwa mwenye siku nyingi mbele."

Wanangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, si kabla ya siku hiyo wala baada yake. Kwa sababu mimi ninayewaandikia ni Hidaya wa pili. Wa kwanza alikuwa mama yake mama yangu, kule Muheza, na nilipokuwa mdogo akiitwa mmoja tuliitika wawili. Hapa kwetu hakuna nyumba isiyo na hadithi hiyo. Jina la mzee haliachwi likazikwa naye, linapewa mtoto angali mzee yupo, alisikie likiitwa. Mimi mtoto wa hapa, mwenye jina la bibi yangu, nikafanya kazi kama mtu asiye na bibi.

Halafu nikakumbuka kwamba mistari iliyopotea haikuwa mmoja. Ilikuwa kumi na tano.

Nikafunga mlango, nikafungua kaburi la shehe. Mafaili ya vijiji yalikuwa humo mazima, kama yalivyokuja, umri na simu na kila kitu. Nikayaunganisha upya kwenye bakuli jingine. Safari hii sikuiambia uniq iondoe waliojirudia, niliiambia inionyeshe. Herufi moja tu ya tofauti, na siku ile ya kwanza nilikuwa na nafasi yote ya kuiandika. Yakatoka majina kumi na tano. Nikachukua moja moja nikalitafuta kwenye mafaili ya asili. Anayejirudia kweli alitoka mistari miwili yenye umri uleule na simu ileile. Hao walikuwa wanane. Mwanakombo Athumani, Tongoni, akatoka mistari miwili: miaka sitini na tisa, miaka saba. Na wengine sita wakatoka vivyo hivyo, babu kwa mjukuu, bibi kwa mjukuu. Watu saba wazima nilikuwa nimewafuta na kugonga mhuri juu yao.

Nikamwendea daktari mkuu wa msafara ule, akiwa anavua glavu.

"Daktari, kuna watu saba hawakuitwa. Kosa ni langu, si la vijiji."

"Mama, nafasi za kesho na keshokutwa zimejaa."

"Hawa hawaombi nafasi mpya, daktari. Wahudumu walishawapima vijijini, wakawaandika. Mimi ndiye niliyewatoa."

Akaichukua karatasi yangu, akasoma majina na umri, mzee kwa mtoto, mzee kwa mtoto. Akatabasamu kidogo, akasema kwao pia wanaitana hivyo.

"Walete kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitaanza kabla ya wenzangu."

Ningeweza kupiga simu Tongoni nikamaliza. Lakini kuna makosa ambayo simu haiyatoshi. Mchana huohuo niliomba gari, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta bibi amekaa barazani anasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, mweupe mtupu, bila uzi wa rangi hata mmoja. Mwanasha aliniambia njiani kwamba zamani mikeka yake ya rangi ilikuwa ikiagizwa na maharusi hadi wa Tanga mjini, lakini tangu macho yazibe anasuka kwa vidole tu, na rangi hazishikiki kwa vidole.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti ya mgeni hiyo."

"Naitwa Hidaya, natoka hospitali. Mimi ndiye wa kuandika majina."

Vidole havikusimama. "Weye ndiye ulonifuta?"

"Ndiye mimi, mama. Naomba unisamehe."

"Mjukuu wangu wamemfanyiaje?"

"Amefanyiwa leo asubuhi. Mzima kabisa, ameomba chapati."

Hapo ndipo alipoweka ukili chini. Akafuta uso kwa upindo wa kanga, na mimi nikatazama pembeni nisimwone akilia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi miye na weye tumekwisha."

"Hatujakwisha, mama. Nimekuja kukuandika tena. Kesho alfajiri gari linakuja kukuchukua."

"Kwa jina gani? Langu keshalitumia mwenyewe."

"Kwa jina lako lilelile, na umri wako. Wameandika sitini na tisa."

"Sitini na tisa?" Akafikiri. "Wamenipunguzia. Usiurekebishe."

Kesho yake alikuja, na wengine watano. Wa saba, mzee mmoja wa upande wa Pangani, alikuwa amekwenda kwa mwanawe Korogwe na hatukumpata kwa simu. Huyo aliniuma mpaka madaktari waliporudi mwaka uliofuata, na jina lake nililiandika la kwanza kabisa, na umri nikaupigia mstari.

Tangu hapo ofisini kwetu pakawa na desturi. Kabla ya kumwondoa yeyote anayeonekana kujirudia, unatoa orodha ya watakaoondoka, unaisoma kwa sauti mbele ya mwenzako, na umri wake. Unaondoa marudio wakati mstari bado mzima, halafu ndipo unakata safu. Desturi ile tuliiita kumuuliza bibi. Najua sasa mna mifumo mizuri, kila mgonjwa ana namba, na mtaniambia dirisha jeusi ni mambo ya kale. Nafurahi, wallahi, na wala siwaonei wivu. Lakini juzi binti aliyeshika kiti changu, Rehema, alinipigia.

"Shikamoo, bibi. Mfumo unaniambia kuna watoto wa kliniki wamejirudia, unataka niwaunganishe. Nibonyeze?"

"Marahaba. Umemuuliza bibi?"

Akacheka, akakata simu. Jioni akapiga tena. Wawili kati yao walikuwa pacha, namba ya mmoja karani aliiandika kwa wote. Alikuwa ameshawatenganisha, na mmoja wao chanjo yake ilikuwa bado. Nililala na furaha siku hiyo kuliko siku nyingi za kazini.

Nimalizie na kitu kilichoko chumbani kwangu. Mwaka ule madaktari waliporudi, mlango wangu wa ofisi ulibishwa na mtoto wa kike mwenye miwani minene, kashika mkeka uliokunjwa mrefu kuliko yeye. Nyuma yake Mwanasha. Mtoto hakunisalimia kwanza, alikuwa anasoma kwa sauti maandishi yote ya ukutani, tangazo la kunawa mikono, saa za kuona wagonjwa, kila kitu, mpaka Mwanasha alipomfinya. Akaniamkia, akautandika mkeka sakafuni. Zambarau, nyekundu, kijani, na mstari wa manjano unaometa. Katikati kulikuwa na kili mbili zimeshonwa ubavu kwa ubavu, rangi zilezile, nakshi ileile, hata ukitafuta kwa kidole huoni tofauti.

"Bibi kasuka mwenyewe," akasema mtoto. "Kasema hizi mbili za katikati ni yeye na mie. Kasema nikwambie, ukiona zimefanana usikate moja, mkeka utafumuka."